Uliza Fundi Mitambo: Kinamama wa nyuma wanasikia khutba mara mbili

Barua za mwezi huu zimenikuta natoka Newala, gari limejaa spika na waya bado zina vumbi la uwanda wa Makonde. Nimezisoma zote mezani kwangu hapa Chikongola, na karibu zote zinalia kilio kimoja: sauti inachelewa. Mitambo ya mtandao, ile ambayo sauti hupita kwenye waya wa kompyuta badala ya ule waya mnene wa maiki, imeanza kuingia kwenye kumbi, misikiti na makanisa yetu ya Kusini. Mafundi na makatibu wanakutana na neno latensi kwenye skrini na hakuna wa kuwaeleza. Barua ya Lindi nitaijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa. Nyingine nitazijibu kwa kadiri ya swali.

*Assalaam alaykum Dada Fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, Lindi mjini. Mfadhili ametuletea prosesa ya sauti inayotumia mtandao wa Dante, na amplifaya tatu zinazopokea sauti kwa waya wa mtandao. Spika mbili ziko mbele karibu na mimbari, mbili ziko chumba cha wanawake nyuma ya ukuta wa tofali za matundu, na mbili ziko nje chini ya miembe kwa ajili ya watu wa Ijumaa wanaokosa nafasi ndani. Kinamama wanalalamika kwamba wanasikia khutba mara mbili, neno linafuatwa na neno lile lile. Nilifungua programu kwenye laptopu nikakuta mahali pa latensi, pana 0.25, 0.5, 1, 2 na 5. Nikaweka 0.25 kwenye amplifaya zote nikiamini iliyo ndogo ndiyo nzuri. Mwangwi haukupungua hata kidogo, na sasa spika za nje zinapasukapasuka kama kuni mbichi motoni. Tumeharibu mashine? – Katibu, Lindi*

Waalaykum salaam kaka Katibu. Hamjaharibu kitu. Mna matatizo mawili tofauti ambayo yamepewa jina moja, na dawa ya moja umeinywesha jingine.

Nianze na ile namba uliyoigusa. Kwenye Dante, mfumo wa kupitisha sauti kwa waya wa mtandao, mitambo yote iliyo kwenye mtandao inafuata saa moja. Prosesa inakata sauti vipande vidogo vidogo, kila kipande inakipiga muhuri wa saa, kisha inakituma. Amplifaya ikikipokea haikipigi papo hapo. Inasubiri mpaka utimie muda uliowekwa, ndipo inakipiga. Latensi ndiyo huo muda wa kusubiri. Mfano wake ni basi la Dar linalotoka stendi saa 12 asubuhi. Abiria wa jirani atafika mapema akae kitini, wa mbali atafika dakika za mwisho, lakini wote wataondoka pamoja. Atakayefika saa 12 na dakika moja ataachwa. Wewe ulipoweka 0.25 ulimwambia dereva aondoke mapema kuliko abiria wako wanavyoweza kufika. Vipande vinavyochelewa vinatupwa, na ile mipasuko ya spika za nje ni sauti ya hayo mashimo.

Kwa nini za nje zimeumia na za mbele zimesalimika? Sauti ya nje inapita swichi nyingi zaidi, yaani vile visanduku vinavyounganisha waya za mtandao. Mwongozo wa kawaida wa Dante unasema milisekunde 0.25 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) inatosha mtandao wa swichi zisizozidi tatu, 0.5 swichi tano, na 1 swichi kumi. Lakini hesabu hiyo ni ya swichi za gigabiti, yaani za kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde, zilizo nzima, na waya zilizo nzima. Kaka, nenda kaitazame ile swichi ya nje. Kama ni ya zamani, ilitolewa kwenye ofisi ya mtu, uwezekano ni mkubwa kwamba ni ya megabiti 100. Angalia pia kama ina kile kipengele cha kuokoa umeme, ambacho huilaza milango ya swichi kila mtandao unapotulia kidogo. Kwa barua pepe hakina madhara, ila saa ya Dante inayumba. Kwenye swichi yenye ukurasa wa mipangilio unakizima. Kwenye swichi isiyo na mipangilio huwezi kukizima, kwa hiyo tafuta nyingine.

Halafu chomoa vichwa vya waya ukaviangalie juani. Lindi na Mtwara tunaishi na chumvi ya bahari. Kichwa cha waya wa mtandao kina vipini 8 vya rangi ya dhahabu, na waya uliokaa nje mwaka mmoja unakuta kimoja kimeota ukijani wa kutu ya shaba. Kimoja tu kinatosha kuharibu kazi. Gigabiti inahitaji nyaya zote 8, lakini megabiti 100 inaendeshwa na nyaya 4, kwa hiyo kikiliwa na chumvi kipini cha zile 4 nyingine mtandao haukatiki. Unashuka kimyakimya kutoka 1,000 kwenda 100 na taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Kwenye Dante Controller, ile programu ya bure uliyofungua, kuna ukurasa wa hali ya mtandao unaoonyesha kasi ya kila kifaa. Amplifaya ya nje ikisoma 100 wakati wenzake wanasoma 1,000, umempata mwizi. Kata kichwa, funga kipya, na ukinunua waya kwaruza uzi mmoja kwa wembe kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, mrudishie mwenye duka.

Baada ya hapo weka latensi milisekunde 1 kwenye amplifaya zote tatu, iwe sawa kwa zote. Mpangilio unafanywa kwenye kifaa kinachopokea, ndiyo maana unaukuta kwenye kila amplifaya. Programu hiyo hiyo ina mchoro wa latensi wenye nguzo, unaonyesha vipande vinafika kwa muda gani. Nguzo zikirundikana mbali na mstari wa kikomo, uko salama. Zikigusa mstari, panda hadi 2. Hata 5 usiiogope. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti hutembea hewani kama mita 349 kwa sekunde, yaani milisekunde moja ni sentimita 35, pungufu ya dhiraa moja. Milisekunde 5 ni kama umemwomba msikilizaji arudi nyuma hatua mbili. Hakuna mama atakayeigundua khutba iliyorudi hatua mbili. Mpasuko mmoja katikati ya aya ataugundua.

Sasa mwangwi. Amplifaya zote tatu zinasubiri muda ule ule, kwa hiyo hata ungepata latensi ya sifuri, zote zingepiga pamoja vilevile, na kupiga pamoja ndiko kunakowaumiza kinamama. Spika ya chumba chao inatamka neno papo hapo. Neno hilo hilo limetoka pia kwenye spika za mbele, likatembea hewani, likapenya matundu ya tofali, likawafikia wakiwa wameshalisikia. Chukua futi ya kamba upime. Tuseme kutoka spika za mbele hadi za wanawake ni mita 19, na hadi za miembeni mita 41. Kila mita ni milisekunde 2.87. Mita 19 zinatoa 54, mita 41 zinatoa 118. Sikio la binadamu linaunganisha sauti mbili zikiwa zimepishana milisekunde kama 30 hivi. Zikipishana 54 kwenye maneno, linasikia wazungumzaji wawili.

Kwa hiyo unachotakiwa kufanya ni kinyume cha ulichofanya. Uzicheleweshe spika za nyuma kwa makusudi. Ingia kwenye prosesa yenyewe, si kwenye Dante Controller, ufungue kila njia ya kutokea. Utakuta sehemu ya ucheleweshaji, mashine nyingi zinakuruhusu kuandika kwa milisekunde au kwa mita. Njia ya mbele iache sifuri. Ya wanawake andika 64, ya nje andika 128.

Utaniuliza hizo 10 za ziada zimetoka wapi. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas aliandika tasnifu kuhusu jambo hili hili. Alionyesha kwamba sikio huamini sauti iliyotangulia ndiyo inayosema chanzo kiko wapi, na ya pili ikifuata kwa milisekunde chache huongeza nguvu bila kuonekana kuwa ni mtu mwingine, hata ikiwa na nguvu kuliko ya kwanza, mpaka karibu desibeli 10. Ukiongeza 10, neno la imamu linatangulia kutoka mbele, na spika ya chumbani inalipa nguvu. Mama anasikia maneno kwa uwazi, na anayasikia yakitoka mimbarini. Ongeza 10 zile zile na kwa miembe ili spika za wanawake nazo zisigombane na za nje.

Hapa naomba unisikilize, kaka yangu. Mimi nimekulia chumba cha wanawake. Nimesikiliza khutba kupitia ukuta tangu nikiwa nimebebwa mgongoni na bibi, na najua kinamama wanavyofanya sauti ikiwachanganya: hawalalamiki, wanainamisha vichwa na kusubiri swala. Ukiona wamefikia kulalamika, jua wamevumilia muda mrefu. Kwa hiyo usimalize kazi ukiwa umekaa na laptopu kwenye kabati la mitambo. Waombe wakupishe siku isiyo ya Ijumaa, uende ukakae walipokaa.

Mimi hufanya hivi. Natafuta mlio mfupi mkavu, kama wa kugonga vijiti, unaojirudia kila sekunde. Naufungulia mbele na nyuma kwa nguvu zinazolingana pale nilipokaa. Kijana wangu anabaki kwenye laptopu, mimi nakaa sakafuni nyuma na kipande cha chaki. Ikiwa sifuri nasikia *ta-ta*, mbili zilizo wazi. Namwambia aongeze tano tano. Kwenye 30 zinasogeleana, inakuwa *tta*, kama mtu mwenye kigugumizi kidogo. Kwenye 50 mlio mmoja unakuwa na mkia. Halafu kuna namba moja ambapo ghafla ule mlio unakuwa mmoja, unene wake unabadilika, na nahisi kama umesimama katikati ya chumba. Naweka alama ya chaki nilipo, naandika namba, nasogea mita mbili kulia, narudia. Namba ya sikio na ya futi zikipishana sana, kuna kosa mahali, mara nyingi ni spika niliyodhani imezimwa. Zikikubaliana naongeza 10 zangu nahifadhi.

Usihangaike kubadilisha kwa sababu ya joto. Asubuhi ya nyuzi 22 na mchana wa nyuzi 32, kwa mita 41 tofauti yake ni milisekunde 2. Upepo wa kusi ndio utakaokusumbua zaidi pale nje, unaipeperusha sauti huku na kule, na hakuna namba ya kuuzuia. Kwa upepo shusha spika za miembeni karibu zaidi na vichwa vya watu.

Mwisho, andika namba zote kwenye karatasi: latensi 1, wanawake 64, nje 128, tarehe, na jina la mpangilio uliouhifadhi. Ibandike ndani ya mlango wa kabati. Katibu ajaye atakuombea dua.

*Habari za kazi, Fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, Masasi. Waimbaji wetu wanne wanatumia visikizi vya masikioni. Sauti zao zinatoka kwenye mikisa, zinapitia kompyuta kwa Dante ili zipate madoido, zinarudi kwenye mikisa kisha kwenye visikizi. Soprano mmoja anasema anajisikia kama yuko ndani ya pipa, na mpiga ngoma anasema tunamvuta nyuma. Latensi ya mikisa ni 1. Tatizo liko wapi? – Mwalimu, Masasi*

Salama, Mwalimu. Tatizo liko kwenye kompyuta, na ukihesabu utaliona mwenyewe.

Ile 1 ya mikisa ni fedha ndogo. Programu ya Dante inayoifanya kompyuta ionekane kama kadi ya sauti ina latensi tatu tu za kuchagua: 4, 6 au 10. Kama mmeiacha kwenye 10, sauti inasubiri 10 kuingia na 10 kutoka. Ndani yake kuna programu ya madoido, nayo inakusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, kwenye kikapu kabla ya kuzifanyia kazi. Kikapu cha sampuli 512, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kinachukua milisekunde 10.7. Jumla imeshapita 30. Soprano wako anaimba, na sauti yake inamrudia sikioni kana kwamba amesimama mita 10 kutoka kinywani mwake.

Hilo pipa analolisema ni la kweli, usimwambie azoee. Mwimbaji hujisikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mfupa wa fuvu lake, ambao hauna latensi. Ya pili ni kisikizi. Sauti hizo mbili zikipishana zinafutana kwenye masafa fulani na kuongezana kwenye mengine, na sauti yake mwenyewe inakuwa ngeni. Aliyekaa kanisani hana mfupa huo, ndiyo maana wewe unayesikiliza kwenye spika unaona kila kitu kiko sawa. Namsikitikia sana mwimbaji anayeambiwa hana sikio wakati anasikia vizuri kuliko fundi.

Dawa: sauti yenyewe ya mwimbaji isipite kwenye kompyuta kabisa. Itoke kwenye maiki, iingie kwenye mikisa, iende moja kwa moja kisikizini. Njia hiyo kwenye mikisa ya kisasa ni milisekunde chache sana. Kompyuta mpelekee nakala, nayo irudishe mwangwi mtupu, bila sauti kavu. Kwenye programu ya madoido kuna kitufe cha kuchanganya sauti kavu na madoido, kipeleke chote upande wa madoido. Mwangwi ukichelewa 30 hakuna atakayeulaumu, maana hata kwenye kanisa la mawe mwangwi huja baada ya sauti. Kompyuta ikiwa na nguvu, shusha kikapu hadi sampuli 128, ambazo ni milisekunde 2.7, na kadi hadi 4. Ikianza kukatika, rudisha. Jumapili si siku ya kujaribu.

Mpiga ngoma atapona hapo hapo. Alikuwa anawafuata waimbaji, nao walikuwa wanafuata sauti zilizochelewa.

*Fundi, nina ukumbi wa harusi hapa Mtwara. Kamera inamrusha bibi harusi kwenye skrini kubwa, na pia tunaonyesha video za historia yao. Midomo na sauti haviendi pamoja. Nimesikia prosesa inaweza kuchelewesha sauti. Nicheleweshe kiasi gani? – Mama Ukumbi, Shangani*

Mama, shikamoo. Inategemea ni ipi kati ya hizo mbili.

Picha ndiyo inayochelewa siku hizi. Kamera ya picha 25 kwa sekunde inashika kila picha milisekunde 40. Mikisa ya picha inaweza kushika moja au mbili, projekta nayo inashika yake. Picha tatu tu tayari ni 120. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, kwenye pendekezo lake la mwaka 1998 lilieleza kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, lakini sauti ikiwa nyuma haigundui mpaka ifike 125. Tumezoea hivyo tangu tuzaliwe: mtu anayepasua kuni ng'ambo ya uwanja tunaona shoka kabla ya kusikia. Sauti kuitangulia picha ndiyo tusiyoijua.

Kwa video za historia, chelewesha sauti ya kompyuta peke yake, pale inapoingia kwenye prosesa. Usiguse njia za kutokea, ukizigusa maiki ya MC nayo itachelewa. Kupata namba, tengeneza video fupi ya mtu akipiga makofi mara moja, ionyeshe, simama karibu na spika uirekodi skrini kwa simu. Kisha ipitishe picha moja moja. Simu ya picha 30 kwa sekunde, kila hatua ni 33. Ukisikia kofi kisha ukahesabu picha tatu ndipo viganja vikutane, weka 100, rudia.

Kwa kamera ya moja kwa moja nakuomba usicheleweshe sauti. Bibi harusi yuko pale, wazazi wako meza ya mbele wanamwona kwa macho na kumsikia kwa masikio. Ukiichelewesha sauti 120 ili imridhishe anayetazama skrini, meza za mbele zitamsikia mara mbili, kama kinamama wa Lindi hapo juu. Punguza upande wa picha: ondoa kifaa kimoja cha katikati, na kwenye projekta tafuta mpangilio wa michezo ya kompyuta, ambao kwenye nyingi hufupisha usindikaji wa picha. Wageni wa nyuma, mita 40 kutoka spikani, sauti inawafikia ikiwa imeshachelewa 115 kwa kutembea tu. Wao hawataona kasoro yoyote.

*Nataka kuondoa waya. Naweza kupitisha Dante kwenye waifai hadi spika za uwanjani? – Kijana wa Nachingwea*

Hapana, mdogo wangu. Mtandao huu haukuundwa kupita hewani, saa yake inataka waya. Waifai itumie kuendesha prosesa kwa tableti ukiwa unatembea uwanjani, hapo ni nzuri mno. Waya mmoja wa shaba usizidi mita 100. Uwanja ukizidi hapo weka swichi katikati, au tumia faiba.

Na kwa kuwa utaunganisha swichi nyingi, chukua somo langu. Vifaa vingi vina milango miwili ya mtandao. Inaweza kupangwa iwe njia mbili tofauti, moja ya akiba, au iwe swichi ndogo ya kupitisha. Kwenye harusi moja ya Mikindani nilichomeka milango yote miwili kwenye swichi moja, nikidhani naongeza usalama, kumbe kifaa kilikuwa kwenye hali ya kupitisha. Mtandao ukawa duara, ujumbe ukazunguka bila kikomo, taa zote za swichi zikawaka kwa pamoja kwa kasi ya ajabu, na ukumbi mzima ukanyamaza bibi harusi akiwa mlangoni. Nilichomoa waya mmoja, sauti ikarudi. Mama yake alikuwa ameshaanza kuimba kwa kinywa, wanawake wakampokea, na bibi harusi aliingia kwa sauti zao. Tangu siku hiyo nasoma hali ya milango kwanza, na waya wa akiba una swichi yake peke yake.

*Nichague sampuli 48,000 au 96,000? Rafiki yangu anasema 96,000 inaondoa latensi. – Mwanafunzi wa umeme, Mtwara*

Chagua 48,000 na uweke hivyo kila mahali. Kifaa cha 48,000 na cha 96,000 havitaunganishwa, kwenye gridi ya Dante Controller utakosa alama ya kijani na utapoteza saa nzima ukilaumu waya. Rafiki yako ana ukweli kidogo: kazi zinazohesabiwa kwa sampuli, kama kugeuza sauti kuwa namba, zinaisha haraka zaidi kwa 96,000. Ila muda wa kusubiri wa mtandao unapangwa kwa milisekunde, ukiweka 1 ni 1, na njia unazoweza kupitisha zinapungua.

*Umeme ukikatika na kurudi, amplifaya zinawaka papo hapo lakini sauti inakuja baada ya dakika nzima, na wakati mwingine kwa mshindo. Tufanyeje? – Msimamizi wa ukumbi, Tandahimba*

Swichi ni kompyuta ndogo, inahitaji muda wa kuamka. Baada yake vifaa vinachagua upya nani ashike saa, kisha ndipo njia za sauti zinarudi. Nunua betri ya akiba ndogo, ile ya kompyuta ya mezani, uiunganishe na swichi pamoja na prosesa tu. Amplifaya usiziweke humo, zitaimaliza mara moja. Umeme ukirudi utakuta mtandao haukulala.

Mkiwasha kwa mkono, anzeni na swichi, msubiri taa zitulie, kisha prosesa na mikisa, amplifaya ziwe za mwisho. Kuzima ni kinyume chake: amplifaya kwanza.